Shela: Majumba, Maji ya Matutani na Siku 60 za Ukimya

Wakazi wa Shela, kijiji kilicho umbali wa kilomita tatu hivi kutoka mji wa kale wa Lamu, wanapopinga majumba na hoteli zinazosogea kwenye matuta ya mchanga, huambiwa kwamba wanaogopa maendeleo. Kazi yangu ni upangaji wa matumizi ya ardhi, na kwa maoni yangu wanachokitetea kwanza ni maji.

Kisiwa cha Amu (Lamu), vilipo Shela na mji huo, hakina mto. Mvua inayonyesha juu ya matuta hunywewa na mchanga na kukusanyika chini kama tabaka la maji matamu, ambalo kwa kuwa ni jepesi huelea juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini. Visima vya matuta hayo ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Kanuni ya tabaka la aina hii inajulikana: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake, kwa hiyo usawa wa maji kisimani ukishuka kwa mita moja na kubaki hivyo, mpaka wa chumvi huweza kupanda mara 40 ya kiasi hicho. Ongeza bwawa la kuogelea, bustani ya kumwagiliwa na shimo la maji taka, yote juu ya mchanga usiozuia kitu. Nyumba moja huenda isilete madhara yanayopimika, ila nyumba nyingi zitayaleta, na hapo ndipo udhaifu wa taratibu zetu unapoonekana, kwa sababu kila ombi la kujenga huangaliwa peke yake.

Mianya ninayoiogopa zaidi imo ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2019 kinataka umma ujulishwe kuhusu mradi na ualikwe kutoa pingamizi. Lakini kifungu hichohicho kinasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, kibali kitahesabiwa kuwa kimetolewa. Ofisi ikinyamaza, iwe kwa uzembe au kwa makusudi, imeshakubali. Kisha kifungu cha 61 kinampa mtu aliyeathiriwa siku 14 tu, kuanzia siku ya uamuzi, kukata rufaa kwenye kamati ya uhusiano ya kaunti, yaani chombo kinachosikiliza rufaa za upangaji, na kutoka hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Uamuzi uliozaliwa na ukimya haubandikwi ukutani. Mkazi atazianza vipi siku zake 14? Naona sehemu hiyo ya kifungu cha 58 ingefutwa kabisa kwa ardhi yenye vyanzo vya maji.

Mwanya wa pili ni kukatakata. Kwa kuwa kina cha tathmini ya athari kwa mazingira hutegemea ukubwa na hatari ya mradi, shamba moja likigawanywa viwanja kadhaa, kila kimoja na ombi lake, mradi mkubwa unaweza kupita kwa ripoti fupi fupi.

Watu wa Lamu wanajua kwamba utaratibu uliokiukwa unaweza kuangusha hata mradi mkubwa. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Lamu, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kwa hiyo pingamizi la Shela lisingoje matrekta. Liandikwe mara tangazo linapotoka, lipokewe kwa muhuri wenye tarehe, na lidai mambo mawili: viwanja vyote vyenye asili moja vitathminiwe pamoja, na mwombaji aonyeshe kiasi cha maji atakachovuta kikijumlishwa na kile ambacho visima vya jirani tayari vinavuta.