Picha za ndege za karne ya 19: "rangi ya mkono" ni mkono wa nani?

Tangu tutangaze ukaguzi wa bure wa karatasi za kale, foleni kaunta haikatiki, na swali ni lilelile: "Imeandikwa imepakwa rangi kwa mkono. Si ina maana Audubon mwenyewe ndiye aliyeipaka?"

Hapana, na tunaomba tuelewane hapa. Toleo kubwa la ndege wa Amerika la mchoraji John James Audubon, lenye picha 435, lilitoka kati ya 1827 na 1838. Mchonga mabamba Lizars wa Edinburgh ndiye aliyelianza. Wapaka rangi wake wakagoma, kazi ikahamia London kwa mchonga mabamba mwingine, Havell. Mistari na vivuli vilichongwa kwenye bamba la shaba na kupigwa chapa kwa wino. Rangi ikapakwa na vibarua wa karakana, wakifuata nakala ya mfano. Ndiyo maana ndege yuleyule ana shavu jekundu zaidi kwenye nakala hii kuliko ile. Huko si kughushi.

Tumia kioo cha kukuzia. Vitone vilivyojipanga safu ni vya mashine ya siku hizi. (Chembechembe zisizo na mpangilio ni jambo jingine: ni alama za tindikali iliyotumiwa kutia vivuli kwenye bamba la shaba.) Rangi ya maji hukolea ukingoni inapokauka, na mara nyingine huvuka mstari wa unyoya. Bamba la shaba huacha mfinyo kwenye karatasi. Picha za John Gould, Mwingereza aliyetoa vitabu vya ndege, hazina mfinyo huo, kwa sababu zilichapwa kwa jiwe, kwa hiyo tafadhali msiziite feki. Inamisha mmojawapo wa ndege wavumaji wake kwenye mwanga: koo linawaka, maana chini ya rangi kuna dhahabu.

Utaratibu. Chukua namba. Picha ije bapa katikati ya kadibodi mbili safi. Isikunjwe wala kuviringishwa. Fremu tutaifungua sisi. Mezani ni penseli tu; ukikutwa na kalamu ya wino, ukaguzi unasitishwa na utapangiwa siku nyingine. Ukikutwa tena, jina lako linaondolewa kwenye orodha. Bei hatutaji, hata kwa kunong'ona.

Msisafishe nyumbani. Mteja mmoja alifuta doa la chai kwa kitambaa kibichi. Bawa zima la kasuku likahamia kwenye kitambaa, na akatuletea vyote viwili.

Kijani cha zama zile wakati mwingine kilitengenezwa kwa aseniki. Ukishaishika picha, nawa mikono kabla ya kula.