Daftari la mama mzee anayerudi kituoni kila mara

Mimi ni daktari wa wagonjwa wa nje katika kituo cha afya cha ngazi ya nne, katikati ya Uganda, kwenye mji wenye Wanubi na wanajeshi wastaafu wengi, kwa hiyo sehemu kubwa ya maongezi yangu na wazee huwa kwa Kiswahili. Nimekuwa nikiwasikia wenzangu wakilalamika kwamba wazee fulani wanaorudi kituoni kila mara "wamezoea hospitali". Siyakubali maneno hayo, na ninataka kueleza sababu.

Ulaya, ambako jambo hili limechunguzwa sana, mtumiaji wa mara kwa mara wa huduma za afya kwa kawaida ni yule aliye katika asilimia 10 ya wanaohudhuria zaidi kwa mwaka katika rika lake, na kinachowaongoza wengi wao ni maradhi kadhaa kwa pamoja, maumivu ya kudumu, sonona na upweke. Hayo yote yapo kwetu pia. Lakini kwetu kuna jambo jingine ambalo mtu huliona akisoma daftari.

Asiyeijua Uganda aelewe kwamba mgonjwa wetu hubeba kumbukumbu zake mwenyewe katika daftari la shule la kawaida. Mama mmoja wa miaka 82 aliniwekea lake mezani, limefungwa ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, pamoja na vidonge vyake, na kwa kuwa mvua ilikuwa imewazuia wagonjwa wengine, nilipata nafasi ya kulisoma tangu ukurasa wa kwanza. Alikuwa amekuja mara 11 katika miezi saba na kuandikiwa na watu sita tofauti. Ziara ya kwanza ilikuwa ya magoti, akapewa dawa za maumivu, diklofenaki, na zilipokwisha akaendelea kuzinunua dukani. Diklofenaki na dawa za jamii yake hupandisha presha na kudhoofisha dawa za kuishusha, kwa hiyo baada ya wiki chache presha ilikutwa juu, akaanzishiwa nifedipini, dawa ya kushusha presha. Nifedipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, naye akavimba, akapewa dawa ya kukojoza, ambayo uvimbe wa aina hiyo hausikii sana. Akaanza kuamka usiku mara tatu au nne kwenda haja ndogo, jambo lililoandikwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo na kutibiwa kwa antibayotiki. Ziara ya tisa ilikuwa ya mkono ulioumia, kwa sababu alianguka gizani akielekea chooni, nje ya nyumba.

Kila aliyemwandikia alitibu alichokiona siku ile, na simlaumu hata mmoja wao, maana mtu mwenye foleni ya watu 80 hasomi kurasa za nyuma. Hata hivyo, magoti ndiyo yaliyomleta mama huyu kwa mara ya kwanza, na nyingi kati ya ziara zilizofuata zilizaliwa na dawa tulizompa sisi.

Ziara nyingine zilitokana na uhaba. "Mwanangu, waliniambia dawa ni za mwezi, wakanipa za wiki mbili," alinieleza, bila kunung'unika. Huduma katika vituo vya serikali ni bure tangu 2001, lakini boda boda si bure: kwenda na kurudi humgharimu shilingi 7,000, na pesa za wazee, ambazo serikali huwapa waliofikisha miaka 80, ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Safari mbili humaliza zaidi ya nusu. Mtu wa hali hiyo haji kituoni kwa mazoea. Mara mbili kati ya zile 11, kwa kweli, alikuwa amemleta mjukuu mwenye homa, naye akapimwa kwa kuwa alikuwa amekwisha fika.

Nilimsimamishia diklofenaki, nikampa parasetamo na mazoezi mepesi ya kuimarisha mapaja, nikaondoa dawa ya kukojoza, kisha nikapunguza nifedipini kidogo kidogo huku mhudumu wa afya wa kijiji akimpima presha nyumbani kila wiki. Famasia ilikubali kumpa dawa za miezi miwili. Juu ya jalada la daftari niliandika kwa wino mwekundu dawa anazotumia na ile asiyopaswa kupewa tena, na sasa ninafanya hivyo kwa kila mzee ambaye kurasa zake zinajaa haraka.

Alipokuwa akiondoka alimtaja jirani yake, mzee mjane wa umri wake, ambaye hajawahi kufika kituoni kwa sababu hana mtu wa kumsindikiza wala nauli. Jina lake haliwezi kuonekana katika hesabu zetu zozote za mahudhurio. Yule mhudumu alipita kwake wiki iliyofuata, akakuta presha ni 190 kwa 110.