Damu baada ya mimba kutoka kwa vidonge: yanayosemwa Kusini na yaliyo kweli

Mwanamke wa Mtwara au Lindi ambaye mimba yake imetoka kwa vidonge, ama kwa sababu daktari alimpa misoprostoli baada ya mimba kufia tumboni, ama kwa sababu nyingine yoyote, mara nyingi hurudi nyumbani akiwa na maswali mengi kuhusu damu ambayo hakuna aliyemjibu. Majibu huyapata kwa kungwi, kwa mama mkwe au kwa shoga aliyewahi kupitia hali kama hiyo. Majibu hayo hutolewa kwa nia njema na baadhi yake ni sahihi, lakini yaliyo na makosa hudhuru kwa namna mbili: humtia hofu mwanamke aliye salama, na humtuliza aliye hatarini.

“Damu ikizidi ile ya hedhi, ujue kizazi kimeharibika”

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, nayo inapingana na namna dawa yenyewe inavyofanya kazi. Mifepristoni, pale inapotumika, huzuia homoni inayoushikilia ujauzito, kisha misoprostoli hukifanya kizazi kijikaze na kusukuma nje kilichomo. Kizazi hakiwezi kujisafisha bila damu, na damu hiyo huwa nyingi kuliko hedhi, ikiambatana na maumivu makali ya tumbo na mabonge ambayo pengine hufikia ukubwa wa ndimu. Kwa wengi hali hiyo huanza saa chache baada ya misoprostoli, hufikia kilele wakati mimba inapotoka, kisha hupungua ndani ya siku moja.

Linalotakiwa ni kipimo, kwa sababu neno “nyingi” halipimi kitu. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu ni hiki: damu inayolowesha kabisa pedi kubwa mbili au zaidi kwa saa moja, kwa saa mbili mfululizo, ni dharura. Anayetumia vitambaa au vipande vya kanga hana hesabu nyepesi kama hiyo, kwa hiyo autazame pia mwili wake: kizunguzungu anaposimama, moyo kwenda mbio, jasho la baridi, viganja na midomo kupauka. Hapa naongeza jambo ambalo vipeperushi vingi hulisahau. Kipimo cha saa mbili kinamfaa aliye karibu na hospitali ya Ligula mjini Mtwara au ya Sokoine mjini Lindi. Aliye katika kijiji cha ndani cha Liwale au Tandahimba, ambaye usafiri wake ni bodaboda na barabara yake imelowa mvua ya masika, aanze safari mara tu anapoona pedi zinalowa kwa kasi hiyo, kwa kuwa saa ya pili ataipitishia njiani. Tena zahanati kwa kawaida hazina damu ya kuongezewa mgonjwa, hivyo ni vema familia iulize mapema kituo cha karibu chenye huduma hiyo ni kipi.

“Damu chafu lazima itolewe yote”

Kutokana na imani hii mwanamke hukandwa tumbo kwa maji yanayochemka, hunyweshwa mwarobaini au mizizi ambayo kiasi chake hakuna anayekijua, na wengine huingiziwa majani ukeni. Ukweli ni kwamba damu hiyo si chafu; ni damu ile ile iliyo katika mishipa, na kizazi huitoa chenyewe kwa kujikaza. Maji yanayochemka huunguza ngozi na hayafiki kwenye kizazi. Chochote kinachoingizwa ukeni katika siku hizi kinaweza kupeleka vijidudu ndani, wakati ambapo mlango wa kizazi bado haujafunga vizuri. Sikatai kila kitu cha jadi: kitambaa cha moto wa kadiri kilichowekwa juu ya tumbo hupunguza maumivu kweli. Ibuprofeni hupunguza zaidi, na wanaoikwepa kwa kudhani kwamba itaizuia dawa isifanye kazi wanateseka bure.

“Bila kusafishwa hujapona”

Walio wengi hawahitaji kusafishwa. Ikiwa maumivu na damu vilikuja kama ilivyotarajiwa, vikapungua, na dalili za ujauzito kama kichefuchefu zikaondoka, mwili umekamilisha kazi yake. Picha ya utrasaundi inayopigwa siku chache baadaye mara nyingi huonyesha mabaki ya damu kizazini, na mabaki hayo peke yake si sababu ya kutibiwa. Anayetibiwa ni mwanamke mwenye dalili. Pale ambapo mimba haikutoka yote, tiba ni dozi nyingine ya dawa au kunyonya mabaki kwa pampu ya mkono, njia ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza badala ya kukwangua kizazi kwa chuma.

Kuhusu muda, wapo wanaosema damu haina budi kukauka siku ya saba, na wapo wanaosubiri arobaini kama ya uzazi. Hakuna tarehe moja. Kwa kawaida damu hudumu wiki moja hadi mbili, ikipungua na kubadilika rangi, na matone yanaweza kuendelea hadi hedhi inayofuata, ambayo hurudi baada ya wiki nne hadi nane. Inaweza kukoma siku mbili kisha ikarudi, hasa baada ya kazi ya kuinama kama kuokota korosho, na hilo silo tatizo. Tatizo ni damu iliyokwisha kupungua kisha ikarudi kwa wingi wa siku ya kwanza.

Tatizo jingine, ambalo watu hulipokea kama neema, ni kukosa damu kabisa. “Mwenzangu ana bahati, hakuona hata tone.” Asiyetoka damu ndani ya saa 24 baada ya misoprostoli, au aliyeona matone tu, huenda mimba yake bado inaendelea, au imetunga nje ya kizazi. Mimba iliyotunga nje ya kizazi haitolewi na vidonge hivi. Ikipasuka, damu humwagikia ndani ya tumbo na pedi hubaki safi, huku mwanamke akisikia maumivu makali, mara nyingi ya upande mmoja, pengine maumivu ya bega, na hatimaye akizimia. Huyo hapaswi kusubiri mapambazuko.

“Ni malaria tu”

Katika mikoa yetu ya Kusini homa yoyote huitwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi waliosema hivyo huwa hawakukosea. Hapa lakini mazoea hayo ni ya hatari. Misoprostoli yenyewe huleta baridi, kutetemeka na joto siku ya kumezwa au kuwekwa chini ya ulimi, na hali hiyo huisha ndani ya saa chache. Joto la nyuzi 38 au zaidi linaloendelea au kuanza baada ya saa 24 ni jambo jingine, hasa likifuatana na uchafu wenye harufu mbaya au tumbo linalouma likiguswa. Kipimo cha haraka cha malaria kifanywe, ndiyo. Lakini kikionyesha vimelea hakijathibitisha kwamba kizazi ni kizima. Mtu anaweza kuwa na malaria na maambukizi ya kizazi kwa wakati mmoja, na dawa ya mseto haitibu ugonjwa wa pili. Vilevile, yapo maambukizi machache yasiyopandisha joto, ambayo dalili zake ni kutapika, kuharisha na unyonge mkubwa usiolingana na damu iliyotoka.

Kipimo cha mkojo nacho huzua taharuki isiyo na msingi. Homoni ya ujauzito hubaki mwilini muda mrefu, kwa hiyo kipimo kinaweza kusoma “mjamzito” hata wiki nne baada ya mimba kutoka.

Ama kuhusu ugumba, dawa hizi zikitumika bila matatizo haziharibu uwezo wa kuzaa wala hazileti saratani ya matiti. Kinachoweza kuziba mirija ni maambukizi yasiyotibiwa, yakiwemo yanayoletwa na vijiti na mizizi inayoingizwa ukeni. Wanaoogopa ugumba hushangaa kuambiwa kinyume chake: yai linaweza kupevuka siku ya nane tu baada ya dawa, kabla hedhi yoyote haijaonekana, na mwanamke akashika mimba nyingine wakati bado anahesabu matone. Sindano, vijiti vya mkononi na vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuanza mara moja. Kitanzi huwekwa pindi ikithibitika kwamba mimba imetoka na hakuna maambukizi.

Juu ya chakula nitasema kwa ufupi. Wekundu wa juisi ya rosela si ushahidi kwamba inaongeza damu. Madini ya chuma yako kwenye dagaa, maini, mbaazi na mboga za majani kama kisamvu, na kipande cha embe au ndimu pamoja na chakula husaidia mwili kuyapokea. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na mlo huyazuia, basi na isogezwe mbele saa moja au mbili.

“Ukienda hospitali utakamatwa”

Hofu hii ndiyo huwaweka ndani wale ambao pedi zao zimeshapita kipimo. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza kutoa mimba katika vifungu vya 150 hadi 152, huku kifungu cha 230 kikimlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Kutibiwa kutokwa damu si kosa katika kifungu chochote kati ya hivyo. Huduma baada ya mimba kuharibika ni sehemu ya kazi ya kawaida ya vituo vya afya nchini, na matibabu ya mimba iliyotoka yenyewe ni yale yale ya mimba iliyotoka kwa dawa. Anayempokea mgonjwa anahitaji kujua mambo machache ili afanye haraka: damu ilianza lini, pedi ngapi zimelowa tangu saa ngapi, kuna joto au hakuna, hedhi ya mwisho ilikuwa lini, na dawa gani imemezwa, ikiwemo ya mitishamba. Aliyemsindikiza ayajue mambo hayo kabla hawajapanda bodaboda, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anaweza kufika akiwa hawezi kusema.