Mawimbi ya mvutano hayang'ai

Wengi hudhani mawimbi ya mvutano ni aina ya mwanga unaoonekana kwa darubini. Sivyo. Ni mtikisiko wa nafasi na wakati, hauna rangi.

Mwanga huletwa na mata, yaani vitu vyenyewe kama gesi na vifusi. Tarehe 17 Agosti 2017, LIGO na Virgo, mitambo ya kupima mawimbi hayo, ilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni (masalia yaliyoshindiliwa mno ya nyota zilizokufa) zikigongana, umbali wa miaka-nuru milioni 130 hivi. Sekunde 1.7 baadaye ukafika mmweko wa miale ya gama, mwanga wenye nishati kubwa usioonekana kwa macho. Saa 11 hivi zikapita, ndipo darubini nchini Chile ikaona nukta mpya kwenye galaksi NGC 4993: vifusi vya nyota, vikipashwa moto na elementi nzito nururifu, yaani zinazovunjika zenyewe na kutoa joto. Ilianza na ubuluu, ikawa nyekundu kwa siku chache tu. Mashimo meusi mawili yakigongana, kwa kawaida hakuna cha kuwaka.