Usikimbilie "kuchimba"

Mfasiri anayefanya kazi Dodoma hawezi kulikwepa neno "dig". Wateja wangu wengi ni watu wa maji, watu wa kilimo na watu wa mambo ya kale, na wote hao riziki yao iko chini ya ardhi. Ukifungua kamusi unapewa "chimba", unaandika, unasonga mbele. Mimi kabla sijaandika najiuliza kwanza mambo mawili: huyu anatumia kifaa gani, na anatafuta nini?

Chukua visima. Kwa miaka mingi maji ya mji huu yametoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa Dodoma. Kwetu kisima cha sururu na koleo kinachimbwa, na cha mtambo unaotoboa mwamba nacho kinachimbwa, na hakuna anayelalamika. Anayelalamika ni Mwingereza. Kwake "dig" ni ya kile kisima kipana ambacho mtu anaingia mwenyewe na ndoo. Cha mtambo kina kitenzi chake, "drill". Ukiandika kwenye zabuni ya Kiingereza kwamba mkandarasi ata-"dig" kisima cha mita 100, mhandisi atakuuliza mnaleta mtambo au mnaleta vijana wenye sururu.

Sasa geuza upande. Kiangazi, mito ya mchanga ya Ugogo ikishakauka juu, kina mama hushuka mtoni na ndoo na bakuli. Wanachota mchanga wanautupa pembeni, shimo linaingia chini, mpaka maji yanaanza kujikusanya; hapo wanayaacha yatulie ndipo wachote. Kiingereza kinasema "dig" tena. Sisi tunasema wanafukua, kwa kuwa mchanga ni laini na bakuli linatosha. Na bustani je? Ukiambiwa "dig the garden" usiwaze mashimo. Ni kulima, kutifua udongo. Kiingereza cha Uganda kimeenda mbali zaidi: mtu akikwambia anakwenda "to dig", anakwenda shamba, basi. Ila kwa mashimo ya Chololo, yale yaliyopewa jina la kijiji cha hapa hapa Dodoma, kuchimba ni kuchimba kweli. Mkulima anatoboa shimo dogo, anatia majivu kwa ajili ya mchwa, samadi na mabaki ya mazao, kisha anarudishia udongo bila kulijaza mpaka juu, ili mvua ikija maji yabaki pale badala ya kukimbia.

Panaponipa kazi hasa ni Kondoa. Michoro ya miambani ya kule iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na watafiti wameanza kufika zamani: Mary Leakey na mumewe Louis walifanya kazi ya kunakili michoro ile mwaka 1951, na mwaka 1956 Ray Inskeep akachimbua pango la Kisese II, ambako kumepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Kwa wanaakiolojia "dig" inakuwa jina: "a dig", yaani eneo na kazi yenyewe. Neno letu ni uchimbuzi, na mimi silibadilishi hata mteja akisema ni la vitabuni. Mle ndani hakuna anayeinua sururu. Wanakwangua udongo kwa mwiko kama wa fundi mwashi, tabaka kwa tabaka, wanaupitisha kwenye chekecheo, wanapiga brashi. Halafu fikiria tangazo limebandikwa ofisi ya kijiji: "wageni watachimba karibu na mapango". Jioni hiyo hiyo kijiwe kizima kitakuwa kimeshahitimisha: ama wamegundua madini, ama wamefuata mali aliyoficha Mjerumani.

Maana zinazobaki hazina udongo. "Dig" ya mbavuni ni kumdukua mtu kwa kidole au kiwiko, na kutoka hapo ikazaliwa "a dig" ya maneno, ambayo Kiswahili kinaimaliza vizuri kabisa: dongo. Karibuni chakula ni "dig in"; askari aliyejichimbia handakini naye ka-"dig in". Wakati uliopita ni "dug", ingawa kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 visima vya Isaka vilikuwa bado "digged".

Ninayoipenda ni ya Wamarekani Weusi. Kwenye lugha ya wanamuziki wa jazi, miaka ya 1930, "dig" ilikuwa kuelewa, na pia kupenda. Vijana wanaotafsiri manukuu ya filamu huwa wanakwama hapa, wakati jibu wanalo mdomoni kila siku. Wakisema "huu wimbo nimeuelewa sana", nani anadhani wanazungumzia mashairi? Andika "nimeielewa" na filamu iendelee.

"Digs" nayo ni chumba cha kupanga. "Diggings" yalikuwa machimbo, baadaye ikawa mahali popote mtu anapoishi, na katika karne ya 19 Waingereza wakaikata. Mwanafunzi wa UDOM aliyepanga nje ya chuo ana neno lake, geto, na ndilo ninaloandika.

Safari ya kurudi, ya kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, ina vituko vyake. Kuchimba mkwara ni vitisho tu, usitafute koleo. Na kwenye basi la Dar kuja Dodoma, konda akitangaza kwamba wa kuchimba dawa washuke, mgeni mwenye kamusi atajua mmesimama kwa ajili ya mizizi ya mganga. Mwambie watu wanakwenda kujisaidia, na kama naye ana haja ashuke sasa hivi, dereva hasimami tena karibuni.