Ukibadilisha redio umegusa na kelele za injini

"Fundi, redio ni redio, injini ni injini." Ndivyo anavyosema mteja ambaye gari lake limeanza kuunguruma kwa ndani tangu lifungwe redio ya Android na sabufa. Mauntingi za injini, yaani raba zinazoishikilia, zimeshabadilishwa, oili ya giaboksi imeshamwagwa ikawekwa nyingine, na muungurumo uko palepale. Katika dhana zote potofu kuhusu mfumo wa kufuta kelele garini, hii ndiyo inayokula pesa za watu bure.

Mfumo huu, ambao baadhi ya magari huja nao ili kupunguza mngurumo wa injini kwa kutumia sauti, hauna spika zake pekee. Kwa kawaida unatumia spika zilezile za muziki, na mara nyingi amplifaya ileile. Maikrofoni ndogo zilizofichwa darini hupima kelele iliyobaki, kompyuta ya mfumo hupewa kasi ya mzunguko wa injini, kisha spika hutoa sauti yenye mawimbi yaliyogeuzwa ili yakutane na ya injini yafutane. Injini ya silinda nne hulipua mara mbili kwa kila mzunguko: kwenye RPM 3000 (mizunguko kwa dakika) mngurumo wake mkuu ni Hz 100 (mitetemo kwa sekunde), kwenye 1500 ni Hz 50. Kazi hii inaendelea hata redio ikiwa imezimwa.

Gari linapotoka kiwandani, kompyuta hiyo tayari imewekewa hesabu ya jinsi sauti inavyosafiri kutoka kwenye kila spika mpaka kwenye maikrofoni. Sasa wewe unafunga amplifaya yenye prosesa inayochelewesha sauti kwa milisekunde 5 tu. Kwenye Hz 100, hiyo ni nusu ya wimbi. Sauti iliyotakiwa kufuta inageuka kujumlisha. Maikrofoni inasikia kelele imezidi, kompyuta inaongeza nguvu, na gari zima linavuma. Spika iliyofungwa chanya na hasi kinyume inaleta balaa hilohilo. Nafasi ya kukosea ni finyu mno: ili kelele ipungue kwa desibeli 10, wimbi halitakiwi kupishana na mwenzake kwa zaidi ya nyuzi 18 hivi (wimbi zima ni nyuzi 360), hata kama ukubwa wa sauti umelingana kabisa. Sabufa nayo ina lake. Besi ya muziki inaangukia masafa yaleyale, maikrofoni inaipokea, na mfumo unahangaika nayo.

Kwa hiyo kabla hujanunua mauntingi, pima. Pandisha RPM taratibu gari likiwa limesimama, kutoka sailensa (mzunguko wa chini, mafuta hayajakanyagwa) hadi 3000, uandike muungurumo unapoanzia. Zima switchi, chomoa plagi ya kompyuta ya mfumo au za maikrofoni za darini, washa, rudia RPM zilezile. Rudia pia barabarani kwenye mwendo unaokusumbua. Muungurumo ukiwa umetoweka, mauntingi zako hazina kosa. Ukibaki, hapo ndipo uende kwenye mauntingi na ekzozi. Jihadhari: kwenye baadhi ya magari waya za spika hupitia ndani ya kompyuta hiyo, ukiichomoa muziki unakatika. Na chomoa plagi, tafadhali, usikate waya.

Ikithibitika ni mfumo, anza na spika. Itenganishe na amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa chanya: koni isukumwe nje. Zote za milangoni zifanane. Kisha ondoa ucheleweshaji wote kwenye prosesa, na ikiwezekana rudisha amplifaya ya kiwandani. Kama huwezi, acha mfumo umechomolewa, ila ujue unachopoteza. Honda Inspire ya 2003, kwa mfano, huzima silinda tatu kati ya sita ikiwa kwenye mwendo mtulivu, na mfumo huu ni sehemu ya kinachofanya abiria asisikie mngurumo huo.

Kinachouma zaidi ni kwamba wengi hubadilisha redio kwa ajili ya FM tu. Redio nyingi za magari ya Japani hushika MHz 76 hadi 90, na nyingine mpya zaidi hadi 95, zetu ni 87.5 hadi 108. Ekspanda, kifaa kidogo cha kushusha masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena, inatosha: ikishusha kwa MHz 12, stesheni ya 98.4 utaipata kwenye 86.4. Redio na amplifaya havijaguswa.

Wengine hutegemea kimya kabisa. Haiwezekani. Eneo linalotulia karibu na sikio ni kama sehemu moja ya kumi ya urefu wa wimbi: sentimita 34 kwenye Hz 100, lakini sentimita 3 na kitu kwenye Hz 1000. Ukigeuza kichwa umeshatoka. Upepo unaopiga mluzi mlangoni ni kazi ya raba za milango. Kwa sababu hiyohiyo king'ora cha ambulensi utakisikia vizuri.

"Nitaweka magodoro ya kuzuia sauti, yatafanya kazi hiyohiyo." Hayatafanya. Ili sponji inyonye vizuri Hz 100 inahitaji unene wa sentimita 85 hivi. Godoro lishughulikie sauti kali, mfumo ushughulikie mngurumo.

Mfumo huu si teknolojia ya jana, wala si ya magari ya umeme tu. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya wazo la kufuta sauti kwa sauti huko Marekani mwaka 1936, na Nissan Bluebird ilikuwa nayo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kipya ni kufuta kelele za barabara, kama kwenye Genesis GV80 ya 2020, ambako vihisi vya mtikisiko hutangulia kuipa kompyuta habari kabla kelele haijafika sikioni.

Na gurudumu likilia, usiseme mfumo umekufa. Piga jeki, lizungushe kwa mkono, kisha lishike juu na chini ulitikise. Likikwaruza au likicheza, beringi imekwisha. Badilisha wiki hiihii.