Chungu cha taulo hakikauki, kinakomaa

Mara kwa mara natumiwa picha za vyungu vya maua vilivyopasuka. Aliyetuma huwa amefanya karibu kila kitu sawasawa: taulo kuukuu amelichovya kwenye uji wa saruji, akalitandika juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikunjo ikalala vizuri kama kanga iliyoachwa kitini. Kisha akakianika juani. Hapo ndipo alipokiharibu.

Natengeneza mapambo ya nyumba na bustani hapa Tanga, kwa vitu ambavyo wengine wameshavitoa nje kusubiri gari la taka. Katika yote ninayofanya, vyungu vya taulo ndivyo vinavyoniletea maswali mengi, na karibu maswali yote yana jibu moja. Saruji haikauki kama nguo kwenye kamba. Inashika kwa kunywa maji na kugeuka kitu kingine kabisa, chembe ikifungamana na chembe. Maji yakiondoka mapema, kazi hiyo inakatikia njiani. Chungu utakiona kigumu, lakini ukikikwaruza kwa ukucha kinatoa unga.

Vyungu vyangu sita vya kwanza kuuza vilikwenda nyumba moja ya wageni. Nilivianika siku mbili kwa haraka ya kupeleka mzigo. Mwezi haukuisha, vinne vikameguka ukingoni, nikarudisha fedha za watu. Fundi mwashi jirani yetu alichukua kipande kimoja, akadondoshea maji pale palipovunjika, yakanyweka papo hapo. Akaniambia chungu hiki kina kiu tangu kuzaliwa. Waashi hufunika zege kwa magunia na kulimwagilia asubuhi na jioni. Chungu chetu kina ukuta mwembamba kuliko zege lolote, kwa hiyo jua linakinyonya upesi zaidi, nacho kinahitaji maji zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta taulo la pamba, zito, hata likiwa na matundu. Lidondoshee maji: likiyanywa, linafaa, yakiteleza juu yake, hiyo si pamba, na uji wa saruji hautaingia ndani. Mimi huchanganya makopo mawili ya saruji kwa kopo moja la mchanga laini uliochekechwa. Mchanga uwe wa mtoni. Sisi wa pwani tunajaribiwa na mchanga wa baharini kwa kuwa uko mlangoni, lakini chumvi yake hutoa ukungu mweupe kwenye chungu, na kama umeweka waya ndani utaoza kwa kutu. Ongeza maji kidogo kidogo hadi uji ushike mgongo wa upawa bila kuchuruzika wote.

Vaa glavu za mpira. Saruji mbichi huunguza ngozi, na ubaya wake ni kwamba huanza kwa kuwasha tu, mtu akapuuza. Lowesha taulo kwa maji ya kawaida, likamue, ndipo ulizamishe kwenye uji na kulifinyafinya mpaka kila uzi ushibe. Ndoo ivishe nailoni, iweke juu ya kigoda ili pembe za taulo zining'inie bila kugusa chini, kisha tandika. Usiharakishe mikunjo. Ivute kwa vidole, zunguka ndoo, itazame kwa mbali, rudi uirekebishe. Una kama nusu saa kabla uji haujaanza kukataa. Likishashika kiasi, toboa matundu matatu ya unene wa kidole kwenye kitako. Uji uliobaki usiumwage kwenye sinki wala mtaroni, utaziba. Chimba shimo dogo uufukie.

Funika yote kwa nailoni, kivulini, siku mbili. Kisha geuza, toa ndoo, lowesha chungu na ukipake uji mara mbili kwa brashi, ndani na nje. Baada ya hapo ni kumwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 na kukifunika tena. Nguvu inaendelea kuongezeka hata baadaye. Waashi huhesabu siku 28, nami siuzi chungu kabla ya siku hizo.

Anayedhani kazi hii ni mchezo wa akina mama na watoto nitamsimulia habari za Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa. Alitaka vyungu vya saruji visivyovunjika, akaweka waya ndani yake, na mwaka 1867 akapata hataza ya kazi hiyo, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Zege la nondo linalobeba maghorofa ya leo limetokana kwa sehemu na vyungu vile vya maua. Saruji huvumilia kukandamizwa, lakini ikivutwa hukatika. Waya ndio unaoishikilia. Nyuzi za taulo hufanya kazi hiyo kwa udogo wake, na chungu kikizidi ukubwa wa ndoo ya lita 20 mimi huongeza wavu wa kuku katikati ya mataulo mawili.

Usipande mara moja. Chungu kipya hutoa chokaa, na majani ya mmea hugeuka manjano bila wewe kujua kosa liko wapi. Kijaze maji, yamwage kesho yake, rudia kwa wiki nzima. Mshubiri huvumilia mapema, asumini usubiri.

Na matundu ya kitakoni nayasisitiza kwa sababu nyingine. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji yaliyotuama karibu na watu: matairi ya kupandia maua, makopo, visahani vya chini ya vyungu. Toka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja kukiwa na joto letu, na mayai yaliyogandana ukingoni huweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa mvua ikinyesha. Kwa hiyo kumwaga tu maji ya kisahani hakutoshi. Kila Jumamosi mimi huvifudikiza visahani vyote uani na kuvisugua kingo kwa brashi ya kufulia.